Robert Koch: Tabibu wa kifua kikuu aliyewafuata papasi njia ya misafara

MAPEMA mwaka wa 1905, tabibu Mjerumani mwenye umri wa miaka 61 alishuka Dar es Salaam akiwa na hadubini na masanduku ya vioo. Robert Koch alikuwa amejiuzulu ukurugenzi wa taasisi yake mjini Berlin miezi michache kabla, na kwa sifa alizokuwa amejizolea angeweza kukaa kitako nyumbani akala matunda ya jasho lake. Badala yake alishika njia ya misafara ya kwenda bara, akawa anaingia katika mabanda walimolala wapagazi na kuchakura vumbi la sakafu akitafuta kupe.

Kupe aliyemtafuta huitwa papasi. Hafanani sana na yule wa ng'ombe ambaye huganda mwilini kwa siku kadhaa hadi anavimba. Mchana papasi hujificha katika nyufa za sakafu ya udongo na za kuta. Usiku hutoka, hunyonya damu ya aliyelala kwa muda wa nusu saa hivi, kisha hurejea mafichoni kabla ya mapambazuko, na huweza kukaa miaka bila mlo mwingine. Anayeumwa naye hushikwa, baada ya siku chache, na homa kali pamoja na maumivu ya kichwa na ya viungo. Homa humwachilia akadhani amepona, kisha humrudia, na huenda ikamrudia mara nyingi.

Safari hiyo haisimuliwi sana. Koch hutajwa kwa kifua kikuu, na wanafunzi wa udaktari hukariri kanuni zinazoitwa kwa jina lake. Hata hivyo, wafugaji wa mbwa huko Marekani na Ulaya, ambao kila majira ya joto huwapekua mbwa wao masikioni na kwapani kwa hofu ya ugonjwa wa Lyme, wanapambana na jamaa wa karibu wa kile kijidudu alichokifuata Koch katika mabanda ya Tanganyika. Vyote viwili ni bakteria waliosokoteka kama skurubu, wa jamii iitwayo Borrelia, na vyote viwili hubebwa na kupe. Ndiyo sababu maisha ya mtu huyu yanafaa kusimuliwa kwa kuanzia upande wa wanyama, ambako ndiko alikoanzia mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 mjini Clausthal, katika milima ya Harz iliyojaa migodi. Baba yake alikuwa ofisa wa migodi na mama yake alizaa watoto 13. Alisomea tiba katika Chuo Kikuu cha Göttingen na kuhitimu mwaka wa 1866. Mmoja wa walimu wake hapo, Jakob Henle, alikuwa ameandika zamani kwamba maradhi ya kuambukiza huletwa na viumbe hai wadogo mno, rai ambayo wengi waliipuuza kwa kuwa hapakuwa na ushahidi. Koch alioa mwaka wa 1867, akahudumu kama daktari wa kujitolea katika vita baina ya Prussia na Ufaransa, kisha mwaka wa 1872 akateuliwa mganga wa wilaya ya Wollstein, mji mdogo ambao leo uko Poland.

Huko ndiko mlima wa kwanza ulikopandwa. Mashamba ya eneo hilo yalisumbuliwa na kimeta, ugonjwa unaoua kondoo na ng'ombe ghafla na ambao wafugaji wetu pia wanaufahamu fika. Watafiti waliotangulia walikwisha kuona vijiti vidogo katika damu ya mizoga, lakini hakuna aliyeweza kueleza kwa nini malisho fulani yaliendelea kuua mifugo mwaka baada ya mwaka hata pale ambapo mzoga haukuonekana kwa muda mrefu. Koch, ambaye hakuwa na maabara wala msaidizi, alitenga sehemu ya chumba chake cha kupokelea wagonjwa kwa pazia na kuanza kazi. Aliwadunga panya damu ya mifugo iliyokufa kwa kijiti cha mti. Alivikuza vile vijiti katika maji ya jicho la ng'ombe, akakaa akivitazama saa baada ya saa vikirefuka na kuwa nyuzi, na nyuzi kujaa chembe ndogo zinazong'aa. Chembe hizo ndizo zinazostahimili jua, ukavu na miaka ndani ya udongo. Mnamo 1876 alisafiri hadi Breslau kumwonyesha mtaalamu wa mimea, Ferdinand Cohn, kile alichokiona, na kwa muda wa siku tatu akarudia majaribio yake mbele ya wakubwa wa chuo. Jina lake likaanza kuvuma.

Mwaka uliofuata alichapisha maelezo ya namna ya kutandaza tone la utomvu juu ya kioo, kulikausha, kulitia rangi na kulipiga picha kwa hadubini. Huenda jambo hilo likaonekana dogo. Kwa maoni ya mwandishi huyu, ni katika mambo makubwa zaidi aliyoacha, kwa maana hadi hapo kila mtafiti alikuwa akichora kwa mkono alichodhani amekiona na kuwataka wenzake wamwamini.

Yaliyofuata yanajulikana, nasi tutayapita upesi. Alihamia Berlin mwaka wa 1880. Alikuza bakteria juu ya vipande vya viazi, kisha juu ya mchuzi uliogandishwa, ili kila aina ya kijidudu ikue peke yake. Wazo la kutumia agari, inayotokana na mwani, lilitoka kwa Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi wake, ambaye aliizoea jikoni. Tarehe 24 Machi 1882 Koch alitangaza kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu, ugonjwa ambao wakati huo uliua watu wengi mno Ulaya. Mwaka uliofuata akatumwa Misri, na kutoka huko akaenda Calcutta, alikothibitisha kijidudu cha kipindupindu. Akiwa na umri wa miaka 40 hivi, hapakuwa na tabibu aliyemzidi umaarufu isipokuwa, pengine, Louis Pasteur wa Ufaransa, naye na Koch hawakupikika chungu kimoja.

Mtu aliyefika Tanganyika baadaye alitokana na mwaka wa 1890. Mwezi wa Agosti mwaka huo, mbele ya mkutano wa kimataifa wa matabibu mjini Berlin, Koch aliashiria kwamba amepata dawa inayozuia kifua kikuu. Kabla ya mwaka kwisha, Berlin ilifurika wagonjwa kutoka pembe zote za Ulaya, wengine wakifia hotelini. Dawa yenyewe, iliyokuja kuitwa tuberculin, alikataa kueleza imetengenezwa kwa nini. Ilipojulikana mnamo 1891 kwamba ni mchujo wa vijidudu vyenyewe katika gliserini, tayari kulikuwa na wagonjwa waliozidiwa baada ya kudungwa, na Rudolf Virchow alikuwa amepasua maiti na kuona ugonjwa umetapakaa. Dawa haikuponya. Baadaye ilipata kazi ya heshima, ya kumtambua mtu au ng'ombe aliyekwisha kuambukizwa, na kazi hiyo inaifanya mpaka leo. Lakini Koch alikuwa ameahidi tiba, na tiba haikuwapo.

Serikali ilimjengea taasisi yake hata hivyo, mwaka huo huo wa 1891. Miaka miwili baadaye alimtaliki mkewe, Emmy, na kumwoa msichana aliyeitwa Hedwig Freiberg, aliyekuwa mdogo kwake kwa karibu miaka 30. Jamii ya Berlin ilinong'ona. Koch akaanza kupenda safari za mbali.

Safari hizo zilimrudisha kwa wanyama. Mwishoni mwa 1896 aliitwa Afrika Kusini, ambako sotoka ilikuwa ikifyeka ng'ombe. Ni janga lile lile lililopita katika nchi za Wamaasai na jirani zao miaka michache kabla na kuziacha familia nzima bila kitu. Akiwa Kimberley, Koch alichukua nyongo ya ng'ombe waliokufa kwa sotoka na kuwadunga wazima. Baadhi walikingika. Njia hiyo ilikuwa na kasoro na wengine waliiboresha au kuiacha, lakini kwa mfugaji aliyekuwa akitazama zizi likigeuka kaburi, kinga yenye kasoro ilikuwa afadhali. Sotoka yenyewe ilikuja kutangazwa kuwa imetokomezwa duniani mwaka wa 2011, na chanjo iliyosaidia sana kuimaliza ilitengenezwa hapa kwetu Muguga na Walter Plowright.

Kutoka Afrika Kusini Koch alikwenda India kuchunguza tauni, na mwaka huo wa 1897 akafika Dar es Salaam kwa mara ya kwanza. Alikaa hadi 1898. Wakati huo dunia ya sayansi ilikuwa bado inatafakari kazi ya Wamarekani wawili, Theobald Smith na Frederick Kilborne, ambao mwaka wa 1893 walikuwa wameonyesha kwamba homa ya ng'ombe wa Texas huenezwa na kupe. Wachunga ng'ombe wa Texas walikuwa wamesema hivyo kwa miaka mingi na kuchekwa na wasomi. Koch aliikubali kazi hiyo na kuithibitisha katika ng'ombe wa Afrika Mashariki. Lakini aliona pia, katika damu ya baadhi ya ng'ombe wa pwani, vimelea vidogo zaidi, akaamua kwamba ni vile vile vya Texas vikiwa vichanga.

Haikuwa hivyo. Alichokuwa akikitazama ni ugonjwa mwingine kabisa, ule ambao wafugaji leo huuita ndigana kali. Kosa hilo lilijitokeza miaka michache baadaye, wakati ng'ombe walionunuliwa pwani ya Afrika Mashariki na kupelekwa Rhodesia kwa meli walipoanza kufa huko, na kuua wa wenyeji, kuanzia mwaka wa 1901. Serikali za kusini zilimwita Koch mwaka wa 1903. Alikaa Bulawayo zaidi ya mwaka mmoja, akatambua kwamba huu ni ugonjwa wa peke yake, na kuuita homa ya pwani ya Afrika. Kisha akafanya tena lile alilolifanya Berlin. Alipendekeza ng'ombe wazima wadungwe mara kwa mara damu ya ng'ombe waliopona, na wenye mifugo wakafuata ushauri wake kwa kuwa ni Koch. Ng'ombe wakaendelea kufa. Kupe wa masikio wa rangi ya kahawia, ambaye ndiye mwenezaji mkuu, alithibitishwa na watu wawili waliokuwa wakifanya kazi huko kusini, Charles Lounsbury na Arnold Theiler, na kimelea chenyewe leo kinaitwa Theileria. Huyo Lounsbury alikuwa pia amekwisha kuonyesha, mnamo 1901, kwamba homa iliyokuwa ikiua mbwa katika koloni la Cape huletwa na kupe.

Ndipo sasa tunarudi katika mabanda ya mwaka wa 1905. Mtu aliyeingia humo alikuwa amebezwa Rhodesia, na pia alikuwa amejibizana kwa miaka minne na wenzake baada ya kutangaza London, mwaka wa 1901, kwamba kifua kikuu cha ng'ombe si hatari ya maana kwa binadamu anayekunywa maziwa. Katika hilo pia alikosea. Lakini kule barani hapakuwa na mkutano, wala waandishi wa habari, wala waziri aliyesubiri muujiza. Kulikuwa na vumbi, na papasi ndani yake.

Koch aliwakusanya kituo kwa kituo. Aliwapasua mmoja mmoja na kutazama chini ya hadubini, akakuta kwamba katika kila kituo sehemu fulani ya papasi ilikuwa na vile vijidudu vya skurubu. Alipotoka kwenye njia kuu na kuingia vijiji vya mbali, ambako hakuna msafara uliopita, aliwakuta huko pia. Hilo lilimwambia kwamba ugonjwa ulikuwa wa nchi yenyewe tangu zamani na haukuletwa na wageni. Aliona jambo jingine: wenyeji wa vijiji hivyo hawakuugua sana, ilhali wapagazi waliotoka mbali walianguka. Akaeleza kwamba wenyeji huumwa wakingali watoto, wakapata kinga, na anayeingia bila kinga hiyo ndiye anayelipa. Wapagazi hawa walibeba mizigo ya wakoloni na wafanyabiashara na kulala popote walipoambiwa walale. Majina yao hayakuandikwa.

Kisha akafika kwenye jambo lililobaki kuwa lake. Aliufuata mwendo wa kijidudu ndani ya mwili wa papasi jike: kinaingia na damu tumboni, siku chache baadaye hakionekani tena humo, na kumbe kimehamia kwenye vifuko vya mayai. Alikikuta ndani ya mayai yenyewe, kikiwa kimeongezeka. Papasi wachanga walioanguliwa katika maabara, ambao hawakuwa wamemuuma mtu yeyote, walipowekwa juu ya nyani waliwatia ugonjwa. Kwa hiyo banda lililoachwa na wagonjwa halikuwa salama hata baada ya miezi mingi, kwani mama alikuwa amewarithisha watoto. Ushauri wa Koch ulikuwa mfupi: msafiri asilale katika mabanda ya zamani wala karibu nayo, apige hema mahali pasipokaliwa. Hakuahidi dawa.

Hakuwa wa kwanza katika kila jambo. Huko Uganda, mwishoni mwa 1904, Philip Ross na Arthur Milne walikuwa wameripoti kuviona vijidudu hivyo katika damu ya wagonjwa wa homa ya kupe. Katika Congo, ujumbe wa Shule ya Tiba za Nchi za Joto ya Liverpool, ukiongozwa na kijana Joseph Everett Dutton akiwa na John Todd, ulikuwa ukifanya majaribio yale yale kwa wakati ule ule, nao pia wakaonyesha kwamba hata papasi wachanga huambukiza. Dutton aliambukizwa homa hiyo kazini. Alifia Kasongo tarehe 27 Februari 1905, wakati Koch yuko upande wa pili wa Tanganyika. Kijidudu cha homa ya papasi kikapewa jina la marehemu, Borrelia duttonii, na ndilo kilicho nalo hadi sasa.

Koch alirudi Ulaya kabla ya mwaka kwisha, akiiacha nyuma nchi iliyokuwa imewaka vita vya Maji Maji. Desemba 1905 alipokea Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu. Angeishia hapo, wasifu wake ungekuwa na mwisho mwema.

Mwaka wa 1906 alirejea, safari hii akiongoza ujumbe rasmi wa kupambana na malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o na ambao ulikuwa umeua watu wasiohesabika kandokando ya Ziwa Victoria. Aliweka kambi katika visiwa vya Sese, upande wa Uganda uliokuwa chini ya Waingereza, kwa kuwa huko wagonjwa walikuwa wengi zaidi. Walimjia kwa mamia, wengine wakibebwa na jamaa zao kwa mitumbwi. Alikuwa na dawa iliyotengenezwa kwa aseniki na kuitwa Atoxyl, jina lenye kumaanisha kwamba haina sumu. Wagonjwa waliodungwa walipata nafuu, vimelea vikatoweka katika damu, na Koch akaandika Berlin kwa furaha. Wiki zilipopita vimelea vilirudi. Akaongeza kipimo, kisha akakiongeza tena, hadi gramu nzima kwa mara moja.

Wagonjwa walilalamika kwa maumivu na kizunguzungu, na baadhi wakatoroka. Kisha macho yakaanza kufifia. Mwanzoni Koch alidhani ni malale yenyewe inayowapofusha. Alipotambua kwamba ni dawa, na kuacha kipimo kile kikubwa, watu 22 walikuwa wamepofuka kabisa. Hawakuwa na namna ya kukataa kama mgonjwa wa Berlin alivyoweza, wala hapakuwa na Virchow wa kusimama Sese na kuuliza maswali. Ripoti za Koch pia zilipendekeza wagonjwa watengwe katika kambi maalumu, vichaka vikatwe na mamba wauawe kwa kuwa mbung'o hunyonya damu yao. Kambi zilijengwa. Aliondoka mwishoni mwa 1907 na kupokewa Berlin kwa heshima kubwa. Msaidizi wake Friedrich Kleine alibaki, na ndiye aliyeonyesha baadaye kwamba kimelea cha malale hupitia hatua za ukuaji ndani ya mwili wa mbung'o kabla ya mbung'o huyo kuweza kuambukiza.

Wanahistoria wa Ujerumani wenyewe wameyachambua mambo ya Sese kwa ukali katika miaka ya karibuni, na wapo wanaotaka taasisi yenye jina la Koch ijibu maswali kuhusu mwasisi wake. Wengine hujibu kwamba mtu asihukumiwe kwa mizani ya karne nyingine. Hoja hiyo ingekuwa na uzito zaidi kama Koch hangekuwa amekwisha kuona, kwa wagonjwa wa Berlin miaka 16 kabla, kinachotokea tabibu anapokimbilia tiba kabla hajaielewa. Ukiyapanga mambo yake ya miaka 20 ya mwisho, tuberculin, damu ya ng'ombe wa Rhodesia na Atoxyl, utaona kosa lenye sura moja. Kazi ya papasi imesimama kwa sababu huko alitazama tu, akaandika alichokiona.

Alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 66. Mwili ulichomwa na majivu yakahifadhiwa katika jengo la taasisi yake mjini Berlin. Mwaka huo huo Paul Ehrlich, aliyewahi kufanya kazi katika taasisi ya Koch, aliitoa sokoni dawa ya Salvarsan, iliyotokana na uchunguzi wa Atoxyl hiyo hiyo. Mjapani Sahachiro Hata alikuwa ameijaribu kwa wanyama waliotiwa vijidudu vya homa ya kurudi-rudi na vya kaswende, vyote vikiwa na umbo la skurubu.

Njia kutoka kwa papasi hadi kwa mbwa wa Marekani inapitia Uswisi. Mwishoni mwa miaka ya 1940, mwanafunzi wa Basel aitwaye Willy Burgdorfer aliandika tasnifu yake ya uzamifu kuhusu papasi wa Afrika na maisha ya Borrelia duttonii ndani ya mwili wake, akiendeleza pale Koch na Dutton walipoachia. Alihamia Marekani. Mwaka wa 1981 alikuwa akipasua kupe kutoka jimbo la New York akitafuta ugonjwa mwingine, ndipo akaona ndani ya matumbo yao nyuzi zilizosokotwa. Mtu ambaye hangekaa miaka na papasi huenda angezipita. Zilikuwa ndizo chanzo cha ugonjwa uliokuwa umewatatiza madaktari tangu miaka ya 1970, watoto wengi wa eneo la Lyme, jimbo la Connecticut, walipoanza kuvimba magoti. Kijidudu hicho huitwa Borrelia burgdorferi.

Mbwa wengi wanaoambukizwa Lyme hawaonyeshi dalili yoyote. Wanaougua huchechemea, leo mguu huu na kesho ule, viungo vikavimba, wakawa na homa na kususa chakula. Wachache figo huharibika, na hao ndio wanaokufa. Lile baka jekundu la mviringo linalowatokea binadamu wengi halionekani kwa mbwa, kwa hiyo mwenye mbwa asilingoje. Vijidudu ni haba mno katika damu, hivyo daktari wa mifugo hupima kingamwili. Tiba ya kawaida ni doksisaiklini kwa muda wa mwezi mmoja hivi, na mbwa aliyevimba viungo mara nyingi hupata nafuu katika siku chache. Kwa kuwa kupe huyo, tofauti na papasi, huhitaji kuganda kwa zaidi ya siku moja kabla ya kuambukiza, kumtoa mapema kwa kibano kuna faida kubwa.

Kupe wanaoeneza Lyme huishi katika misitu ya Amerika Kaskazini, Ulaya na kaskazini mwa Asia. Mbwa wa Nairobi au Mombasa anayesusa chakula na kupauka ufizi ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na babesia au erlikia, magonjwa yanayoletwa na kupe wake wa kawaida. Erlikia nayo hutibiwa kwa doksisaiklini, ilhali babesia huhitaji dawa nyingine, kwa hiyo kukisia hakufai. Daktari humchoma mbwa pembeni mwa sikio, huchukua tone la damu, hulitandaza juu ya kioo, hulikausha, hulitia rangi, na kulitazama kwa hadubini.